Kitabu Kilichoitikiwa

Hapo zamani, na kaeni vizuri, maana leo sitawapigia paukwa, wala asinitoke mtu na pakawa yake mdomoni. Sababu mtaijua hadithi ikifika mbele. Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Kizimbwe, nyuma ya vilima, ambako kiangazi kikiingia halimi mtu, kwa kuwa ardhi inakuwa ngumu kuliko kisogo cha mkaidi. Visima hushuka. Mbuzi hulala kutwa. Vyuo hufungwa mpaka mvua. Sasa watu wafanye nini, watazamane? Watu wa Kizimbwe walikuwa wakisoma.

Walikuwa na Nyumba ya Vitabu, na desturi yao ilikuwa hii: kiangazi kikianza, kila mtu huazima kitabu kimoja. Kimoja tu, mpaka mvua. Basi fikirini uzito wa kuchagua. Ukichagua vibaya, umekula mchuzi usio na chumvi msimu mzima, na jirani yako anacheka peke yake upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana mji ukamweka mwonjaji.

Mwonjaji alikuwa Bwana Makungu, mtu wa tumbo na majivuno yake. Ukimpelekea kitabu, hukifungua mahali patatu: mwanzo, katikati, na karibu na mwisho. Husoma kimyakimya, mashavu yakinyonya kama mtu mwenye ukwaju mdomoni. Kisha hutoa hukumu. "Hiki kitamu mwanzo, katikati kinachacha." Au, "Hiki hakina chumvi, ila kinashibisha, kampe mumeo." Na hakuwa akikosea.

Desturi ya pili. Kizimbwe kitabu hakisomwi kimyakimya, isipokuwa na mwonjaji. Kinasomwa kwa sauti, na anayesoma huanza kwa kumwita msikilizaji: paukwa. Anayeitikia pakawa amejifunga. Haondoki mpaka hadithi iishe. Kumwacha msomaji katikati ya hadithi ilikuwa aibu kubwa kuliko kuinuka kwenye sinia la watu ungali na tonge mkononi.

Na kulikuwa na rafu ya juu kabisa, ya vitabu vilivyofungwa kwa ukindu. Vile havionjwi, haviazimwi. Ni vitabu ambavyo hakuna aliyepata kuvimaliza. Hakuna pia aliyeuliza kwa nini. Watu wa Kizimbwe walikuwa wadadisi wa kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa juu ya vichwa vyao.

Basi. Katika mji huo palikuwa na msichana, Mize, aliyelelewa na bibi yake, Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa haoni, lakini masikio yake yalikuwa yanasikia mchwa akitafuna mlango wa jirani. Na msidhani alikuwa bibi wa mawaidha. Alipenda hadithi za mapenzi, na za wanaume wajinga, na zaidi za mapenzi ya wanaume wajinga.

"Bibi," Mize alimwambia, "kiangazi hiki nitakusomea kitabu cha kukuchekesha mpaka meno yakuume."

"Meno yapi, mjukuu wangu?" akauliza Bi Kazija.

Na Mize alikuwa na shoga yake, Tunu, nyumba ya pili. Tunu alifiwa na mama yake masika yaliyopita. Tangu hapo hakuwa na wa kumsomea wala wa kumwitikia. Kila siku ya kuchagua vitabu Mize alikuwa wa kwanza mlangoni, mwepesi wa miguu, na kila mara alichukua kile ambacho Tunu alikitamani. Kisha jioni Tunu alimsikia akimsomea bibi yake, na vicheko vya wawili wale vikaruka ukuta vikamwangukia mapajani. Kijicho hakina adabu, ndugu zangu. Humwingia hata mfiwa.

Mwaka ule Tunu alitangulia. Akapanda ngazi, akafikia rafu ya juu, akashusha kitabu kimoja chenye jalada jeupe, akakata ukindu wake. Hakutaka shari. Alitaka tu, mara moja, Mize naye apate kitabu kibaya. Mize alipofika, Tunu akampa mkononi. "Shoga, hiki nasikia kizuri."

Mize akampelekea mwonjaji. Siku hiyo watu walijaa, jua kali, na Bwana Makungu alikuwa na njaa. Akafungua mahali pamoja tu, mwanzo. Mashavu yakanyonya. Uso wake ukabadilika, ukalegea kama uso wa mtu aliyepewa asali. "Kitamu," akasema. "Kitamu mno, binti. Chukua." Katikati hakufungua. Mwisho hakufungua. Laiti angefungua mwisho.

Mize akafika nyumbani jua likiwa utosini, ile saa ambayo kivuli chako unakikanyaga na wakubwa wanawakataza watoto kwenda kisimani. Bi Kazija alikuwa kajilaza ukumbini. Mize akakaa kizingiti cha uani, akaweka kitabu mapajani, akafungua. Kabla hajatia jicho kwenye mstari wa kwanza, kitabu kikaita. Sauti ilitoka kwenye karatasi, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Paukwa."

Na Mize, mtoto wa Kizimbwe, aliyeitikia neno hilo tangu hajaota meno, aliitika kabla ya kufikiri.

"Pakawa."

Mngemlaumu? Hata ninyi hapo midomo inawawasha.

Akasoma. *Mwanamke mmoja alitoka kwao saa ya jua la utosi, akashika njia nyeupe. Hakuwa na kivuli. Mbele kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyekuwa akimwita.* Akasoma hivyo mpaka mwanamke akafika mlangoni. *Akapiga hodi.* Mize akasema, "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. Kisha akarudi: *Mwanamke mmoja alitoka kwao saa ya jua la utosi...*

Bi Kazija akasikiliza. Akasikia utamu ambao hajapata kuusikia, njia ile, ukimya ule, mwito ule. Na akasikia jambo lingine pia: hakusikia karatasi kugeuzwa. Hadithi ikafika mlangoni, ikarudi, ikafika, ikarudi, na mkono wa Mize haukugeuza ukurasa hata mmoja. Hapo alijua mjukuu kanaswa. Siwafichi, alijua. Lakini akajiambia, acha izunguke mara moja tena. Ikazunguka. Akajiambia, mara moja tena. Jua likashuka, kuku wakaingia bandani, bibi kakaa uso juu, macho kafumba kwa raha. Ni asubuhi yake, sauti ya mjukuu ilipokuwa imekauka kama jani la mgomba, ndipo alipopiga ukelele.

Majirani wakaingia uani, wakasimama kama waliopigwa. Mize alikuwa pale pale kizingitini. Macho yake yalikuwa yakitembea kulia na kushoto. Midomo ilikuwa ikisoma. Nzi walikuwa kila mahali, na hakuna hata mmoja aliyetua juu yake. Jua la asubuhi lilikuwa limelaza vivuli vya watu wote ukutani, virefu, na pale alipokaa Mize ukuta ulikuwa mweupe. Kisha mtu mmoja akamtazama miguu. Ilikuwa na vumbi jeupe, la kutembea, na msichana hajainuka tangu jana. Wakiwa bado wanatazama, hadithi ikafika mlangoni, ikarudi mwanzo, na vumbi likapanda kutoka vifundoni likafika magotini.

"Mnyang'anyeni kitabu!" mtu akapiga kelele, na mkono ukanyooka.

"Ukatwe kwanza mkono huo!" Bi Kazija alikuwa amesimama, vidole hewani. "Mnamchukulia kitabu naye yuko katikati ya njia? Ninyi mtabaki na kitabu. Yeye atabaki njiani."

Bwana Makungu akaitwa, akaja akitweta. Akakiona kitabu, akaiona alama ya ukindu kwenye jalada lile jeupe, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mahali pamoja," akasema. "Nilionja mahali pamoja." Na mtu yule wa majivuno akalia mbele za watu.

Alipomaliza kulia akapangusa uso. "Mimi najua hadithi zinavyokwenda," akasema. "Najua zinapopinda na zinapopotea. Nitamfuata. Lakini hadithi isiyo na mwitikiaji huzunguka, haifiki. Nataka mtu akae hapa nje aitikie naam, kila sentensi naam, asipumzike. Akisita, tutazunguka naye milele. Na mjue, hakuna anayeitikia kitu hiki akatoka mzima."

"Nani tena kama si mimi?" akasema Bi Kazija. "Nimeitikia hadithi tangu mama yako hajaolewa."

Wakaweka mikono juu ya kitabu. Ile sauti ya kisimani ikaita. Na wote wawili, mwonjaji na bibi, wakajibu kwa makusudi neno ambalo Mize alilijibu kwa mazoea. Bwana Makungu akakaa kitako, macho yakaanza kutembea kulia na kushoto, na kivuli chake kikamtoka ukutani.

Sasa twende alipo Mize.

Mize alikuwa njiani. Jina lake hakulijua. Alijua kwamba jua limekwama juu ya utosi wake, na kwamba mbele kuna nyumba, na kwamba ndani ya nyumba anaitwa na mtu anayempenda. Hilo ndilo lililotisha kuliko yote: kwamba alipendwa mle. Akifika mlangoni hupiga hodi, na kabla hajapata jibu anajikuta mwanzo wa njia, na mapenzi yale yanamwita upya. Hakuchoka. Hakuona njaa. Vumbi lilikuwa limemfika kiunoni na yeye aliona ni sawa tu.

Kisha akasikia mtu akihema nyuma. Mwanamume wa tumbo, amejaa vumbi, akikimbia kwa tabu.

"We Mize! We binti! Punguza mwendo, hadithi haikimbii!"

"Mize ni nani?" akauliza Mize.

Bwana Makungu akaogopa sana, lakini hakumwonyesha. Akamshika mkono. "Ni mtu anayesubiriwa na bibi yake. Sikiliza."

Na kutoka juu, kutoka mahali ambapo hapakuwa na mbingu, ikadondoka sauti ya kizee: *Naam.* Kisha: *Naam.* Na kwa kila naam, njia ikasogea mbele badala ya kupinda. Bwana Makungu akamwongoza. Hapa usitazame kulia, hapa ndipo utamu unapozidi, pita upesi. Hapa patachacha, vumilia. Mpaka wakafika mlangoni, na mara hii mlango haukuwarudisha. Mize akapiga hodi. Hawakujibiwa.

Bwana Makungu akachungulia ufa wa mlango. Ndani hamkuwa na giza wala mwanga. Mlikuwa na karatasi tupu. "Ewe Mola," akasema, "mwandishi hakufika hapa." Maana hadithi ya watu wa Kizimbwe, ambayo yeye alikuwa akiidharau, ilisema kwamba mwandishi wa kitabu kile alipokuwa akiandika mstari huo huo alisikia mtu akibisha hodi nyumbani kwake, akaweka kalamu akaenda kufungua, na hakuonekana tena.

Sauti ikasema nao, ile ya kisimani, sasa karibu na sikio. "Niambieni nani yumo ndani. Mkinipa wa kufungua, mlango utafunguka. Lakini asiwe wa uongo. Wa uongo nimechoka nao."

Bwana Makungu akatoa kila mwisho alioonja maishani mwake. Akasema ndani yumo sultani. "Wa uongo." Akasema yumo jini aliyefungwa. "Wa uongo." Akasema yumo mume aliyepotelea vitani. "Wa uongo." Kila alichotoa kilikuwa kitamu na kila kimoja kilikataliwa, na vumbi likapanda kifuani kwa Mize, na kule juu naam ya Bi Kazija ikaanza kukwaruza.

Hayo yote watu wa uani walikuwa wakiyasikia, kwa sababu yalitoka kwenye midomo ya Mize, neno kwa neno. Na Tunu alikuwepo, kasimama pembeni karibu na mtungi, kipande cha ukindu bado kimo kwenye pindo la kanga yake. Alimtazama shoga yake, vumbi linakaribia shingo. Akapiga magoti, akainamisha mdomo juu ya kitabu.

"Aliye ndani ni mama yangu," akasema.

"Huyo si wa uongo," sauti ikasema. "Lakini ukinipa, ni wangu. Kwako hatobaki hata chembe."

Tunu akalia. Alilia hasa, si machozi ya adabu. Vumbi likafika kidevuni.

"Mchukue," akasema.

Akasimulia. Jinsi mama yake alivyokuwa akimfungulia mlango akitoka chuoni, mikono imejaa unga wa kukanda, akigomba kwanza na kucheka baadaye. Jinsi kicheko kilivyokuwa. Uso ulivyokuwa. Na jina alilomwita, ambalo hakuna mwingine duniani aliyemwita. Jina lenyewe siwezi kuwaambia, wala hakuna aliyekuwepo uani awezaye, kwa kuwa kila neno lilipotoka kinywani mwa Tunu lilitoka pia masikioni mwa watu.

Kule ndani mlango ukafunguka. Mize akaona mkono wa mwanamke, una unga mpaka kiwiko. Akasikia harufu ya iliki. Sauti ikasema, "Karibu," na Bwana Makungu akamsukuma Mize mbele kwa nguvu zake zote asipate kusimama akatazama. Wakivuka kizingiti, sauti ya kisimani ikawaambia kwa upole, kama mwenye nyumba anayeaga wageni:

"Aliyeitikia hutoka na kilichobaki. Wawili walioitikia nyuma yako, hadithi za watu wote zitakuwa upepo masikioni mwao, isipokuwa itakayotoka kinywani mwako. Nawe visomo vyako nimevila. Kimebaki kimoja. Kitabu kimoja, sikio moja, tena kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikigusa ardhi, nacho kitakwenda."

Mize akashtuka, yuko kizingitini kwao. Vumbi likamwanguka mwili mzima kama unga unaochekechwa. Kivuli kikarudi chini ya miguu yake. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakakumbatiana, na kitabu kile kikafungwa kwa ukindu mpya wenye mafundo mengi.

Furaha haikulala. Mize alifungua barua ya mjomba wake, herufi zikatawanyika kama siafu waliofukizwa moshi. Akafungua kitabu cha mtoto wa jirani, ni hivyo hivyo. Bwana Makungu alikwenda barazani watu wakisoma, akaona midomo inacheza na watu wanacheka, naye akasikia upepo mtupu, ule wa kwenye mashimo. Akatoka bila kuaga, akajaribu kujisomea kimyakimya, napo upepo ni ule ule. Bi Kazija alijilaza kitandani na hakuinuka. Miguu yake ilikuwa baridi mchana kweupe, na pumzi zake zilikuwa fupi. Na Tunu aliingia ndani kwao, akashika kanga iliyotundikwa ukutani, akainusa, akajua ni ya mama yake kwa sababu aliambiwa. Uso hakuupata. Akamwendea Mize.

"Wewe ulimwona. Yukoje?"

"Nilimwona mkono," Mize akasema. "Una unga."

"Mkono tu?"

"Mkono tu, shoga yangu."

Wakamwita Bwana Makungu, wakafungua mafundo ya kile kitabu cheupe, wakatazama mwisho wake, pale mama alipoingia. Tunu akaona karatasi tupu. Bwana Makungu akaona karatasi tupu. Mize peke yake akaona mistari, myeusi, imetulia, haikimbii, inasubiri. Akageuza uso haraka kabla jicho halijashika neno, kwa sababu kusoma ni kusoma, na kisomo kilikuwa kimoja.

Mawingu yakaanza kujikusanya nyuma ya vilima. Siku yalipokuwa mazito, wote wakakutana ukumbini kwa Bi Kazija, kuzunguka kitanda chake. Mchwa walikuwa wametoka wana mbawa.

Bi Kazija akaanza, maana ndiye mkubwa. "Mjukuu wangu, mimi nakufa, tusipambiane maneno. Nani alizuia mkono usikunyang'anye kitabu? Mimi. Nani aliitikia mpaka pumzi zikaisha? Mimi, na pumzi hizo ndizo ninazozikosa leo. Uliniahidi kicheko. Pale mezani kuna kitabu cha yule mwanamume aliyemposa mwanamke asiyekuwepo. Nisomee nife nikicheka. Maiti hanyimwi neno lake la mwisho."

"Bi Kazija, shikamoo, na unisamehe," akasema Bwana Makungu. Alikuwa amekonda. "Ulisikia karatasi haigeuzwi, ukanyamaza kutwa kucha kwa ajili ya utamu. Ungepiga ukelele mapema, vumbi lingekuwa vifundoni. Tena wewe utanyamaziwa siku chache, kisha utakwenda kwa marehemu mumeo akusimulie. Mimi nitaishi! Nitazeeka nikiwa katikati ya vitabu, sisikii ila upepo. Na nani aliingia mle? Nani alimshika mkono? Mimi ningeweza kukaa nje." Akatoa kitabu chembamba kifuani. Alikuwa amehangaika kwenye rafu tangu siku ile, yeye aliyewachagulia watu wote, na akashindwa kujichagulia. Mwishowe alichukua kile cha jini mroho aliyeajiriwa upishi, cha kitoto, cha kipuuzi. "Nisomee hiki," akamwambia Mize, akakiweka mezani. "Kimoja tu nikilambe mpaka nife."

"Nawe je, ulionja mara ngapi?" Bi Kazija akamrushia kutoka kitandani. "Kazi yako mahali patatu. Njaa yako ndiyo iliyomtia mtoto njiani."

"Na kamba aliikata nani?" akasema Bwana Makungu, na wote wakageukia pembeni.

Tunu hakujitetea. "Niliikata mimi," akasema. "Kwa kijicho. Nimelikiri kosa hilo mbele ya mji na nitalikiri tena. Bila mimi asingeingia. Bila mimi asingetoka. Ninyi mmepoteza hadithi za watu; mimi nimempoteza mama mara mbili, na mara ya pili nilimtoa kwa mkono wangu." Akaweka kile kitabu cheupe mezani, akamtazama Mize. "Sitaki kitabu kizima, shoga. Nataka ukurasa mmoja. Aliniitaje? Nataka kujua aliniitaje."

Mize alikuwa amekaa chini, magoti kifuani. Aliwapenda wote watatu, na wote watatu walikuwa wamemponza, na wote watatu wamemtoa. Na kulikuwa na jambo lingine kifuani mwake ambalo aliona haya kulitamka: kwamba hakuna aliyemuuliza yeye. Alikuwa msichana aliyependa vitabu kuliko chakula, kilichobaki katika maisha yake yote ni kimoja, na kila mtu alikuja na cha kwake. Kwani sikio hilo moja haliwezi kuwa lake?

Radi ikapiga mbali. Harufu ya udongo ikaingia dirishani. Bi Kazija akanyoosha mkono hewani akimtafuta. Bwana Makungu akafumba macho. Tunu akafunga mdomo kwa kanga.

Mize akainuka, akaenda mezani, akanyoosha mkono, akachukua kitabu kimoja kati ya vile vitatu. Akakaa. Akafungua. Uani mvua ilikuwa bado hewani.

Alisoma. Hilo majirani waliokuwa mlangoni wote wanalithibitisha, kwamba waliona midomo yake ikisoma. Lakini sikio lilikuwa moja, na wao walisikia upepo. Mvua ilipokwisha, Bi Kazija alikuwa amekata roho, Bwana Makungu alikuwa ameinama, Tunu alikuwa analia, na Mize alikuwa amekifunga kitabu na kukilalia. Mtu hufa na kicheko kisionekane usoni. Mtu hulia kwa kupata na hulia kwa kukosa. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na mimi sikuwekwa kuwaambia.

Basi ninyi mnaonikodolea macho, na wewe unayejifanya umelala, tuambieni. Yuko anayekufa, yuko atakayeishi na upepo, yuko aliyetoa uso wa mama yake kulipa kosa lake, na yuko msichana mwenyewe ambaye kisomo kilikuwa chake. Kama mngekuwa pale ukumbini na mvua inakuja, je, mngesema sikio la nani lilistahili kusomewa?